Nani Kawapa Mizani ya Akili Zetu?

Katika kikao chetu kilichopita cha waandishi chipukizi, kaka mmoja mwenye shahada yake alisimama akasema neno lililoninyima usingizi. Alisema, tena kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya sukari, kwamba tusidanganyane: riwaya ni kazi ya vichwa, na aliyepata divisheni foo ajitafutie shughuli nyingine. "Akili mtu huzaliwa nayo, na wanasaikolojia wameshaipima," akamalizia. Watu walicheka. Mimi mwenye hiyo divisheni foo nilicheka pia, kwa aibu. Leo sicheki. Naomba nafasi nimjibu.

Baada ya kikao kile nilishinda maktaba siku kadhaa kuwatafuta hao wanasaikolojia walioipima akili. Nimewakuta. Na kumbe, jamani, yule aliyeanzisha kipimo chenyewe yuko upande wangu!

Mwaka 1904 serikali ya Ufaransa iliunda tume ya kutafuta namna ya kuwatambua watoto wanaoshindwa na masomo ya kawaida, ili wapewe mafunzo ya kuwafaa. Alfred Binet na mwenzake Théodore Simon wakatunga kipimo chenye maswali 30, kikatoka mwaka 1905. Binet hakudai kuwa amepima kitu kilichoganda kichwani tangu tumboni mwa mama. Mwaka 1909 alitoa kitabu akiwashambulia waziwazi wale waliodai kuwa akili ya mtu haiongezeki, akaeleza na mazoezi ya kuwanoa watoto usikivu na kumbukumbu. Kwake kipimo kilikuwa kama kile cha homa: daktari anampima mgonjwa apate kumtibu, hampimi ili achimbiwe kaburi.

Binet alifariki mwaka 1911, na walioshika kipimo chake walikuwa na nia nyingine. Mwaka 1912 Mjerumani William Stern alishauri kugawa umri wa akili kwa umri wa kuzaliwa. Mwaka 1916 Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, akatoa kipimo kilichozidisha jibu hilo kwa 100. Mtoto wa miaka 8 anayejibu kama wa miaka 10 anapata 125. Basi! Hiyo ndiyo IQ ya mwanzo, hesabu ya shule ya msingi. Lakini Terman aliamini kuwa namba ile ni urithi wa damu, na hapo ndipo mtu alipogeuzwa kuwa namba.

Mwaka 1917, Marekani ilipoingia vitani, Robert Yerkes na wenzake waliandaa mitihani ya akili waliyopewa wanajeshi wapatao 1,700,000. Hebu sikieni waliyoulizwa. Christy Mathewson ni maarufu kwa kazi gani? Alikuwa mchezaji wa besiboli. Crisco ni nini? Ni mafuta ya kupikia yauzwayo madukani kwao. Wasiojua kusoma Kiingereza walipewa picha zenye upungufu: chora kilichokosekana. Mojawapo ilikuwa uwanja wa tenisi usio na wavu. Mhamiaji aliyetoka kijijini Italia, asiyewahi kuona tenisi, akishindwa anaandikwa kuwa akili yake ni ndogo. Kaka yangu mwenye shahada, wewe ungepata ngapi?

Mwaka 1923 Carl Brigham aliyatumia majibu hayo kuandika kitabu kilichowashusha watu weusi na wahamiaji wa kusini na mashariki mwa Ulaya. Mwaka 1924 ilipitishwa sheria ya kuwabana wahamiaji hao hao. Sisemi kitabu ndicho kilichoizaa sheria. Chuki ilikuwepo kabla yake. Nasema chuki ilipewa koti jeupe la maabara. Mwaka 1930 Brigham mwenyewe aliandika kuzikana hoja zake, lakini mlango ulikuwa umeshafungwa.

Wala msidhani mambo haya yaliishia ng'ambo. Hapa hapa Afrika Mashariki, Nairobi ya miaka ya 1930, daktari H. L. Gordon wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari alihubiri kuwa ubongo wa Mwafrika ni pungufu kwa maumbile. Mwenzake, F. W. Vint, alipima bongo za Waafrika waliofariki, akachapisha makala mwaka 1934 akidai amethibitisha. Mwaka 1953 J. C. Carothers, naye aliyewahi kuongoza Mathari, alitoa kitabu kupitia Shirika la Afya Duniani akimlinganisha Mwafrika na Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata akaieleza Mau Mau kuwa ni tatizo la saikolojia. Watu wanadai ardhi yao, yeye anachungulia vichwa vyao!

Wakoloni wameondoka, ila mizani yao tumebaki nayo, na sasa tunapimana wenyewe kwa wenyewe.

Nisije nikaambiwa natetea uvivu. Watu hutofautiana, hilo hata kipofu anaona. Mwaka 1904 Mwingereza Charles Spearman aligundua kuwa wanaofanya vizuri katika somo moja kwa kawaida hufanya vizuri katika mengine pia, na jambo hilo limeonekana tena na tena. Vipimo vya akili hubashiri alama za shule kwa kiasi fulani, sibishi. Tena ningependa kukimbilia kwa Howard Gardner, aliyesema mwaka 1983 kuwa akili ziko saba, ya muziki, ya mwili na nyinginezo. Nadharia tamu, inampa kila mtu zawadi. Lakini ushahidi wake ni mwembamba, na mimi siegemei ukuta wa tope kwa sababu tu unanipendelea.

Ninachokataa ni ule mruko wa kutoka "leo umepata kidogo" hadi "wewe ndivyo ulivyo." Mruko huo umevunjwa miguu huku huku kwetu. Huko Embu, Kenya, watoto wa miaka saba walipimwa mwaka 1984, na wengine wa umri huo huo mwaka 1998. Wale wa pili waliwapita wa kwanza kwa mbali. Watafiti, katika ripoti ya mwaka 2003, walitaja kisomo cha wazazi, ukubwa wa familia, lishe na afya ya watoto. Miaka 14 tu! Au damu ya watu wa Embu ilibadilishwa usiku wamelala?

Na huko Usenge, kando ya Ziwa Victoria, Robert Sternberg na wenzake waliwapima watoto 85 ujuzi wao wa dawa za miti shamba. Matokeo yao, yaliyotoka mwaka 2001, yalionyesha kuwa waliojua dawa zaidi walielekea kupata chini katika vipimo vya msamiati wa shule. Mtoto anayejua jani la kutibu tumbo la mdogo wake, kwenye karatasi anaonekana bwege. Lugha yetu yenyewe ina akili, werevu, busara, hekima na ujanja. Mtihani ule ulipima ipi?

Ndugu zangu, haya si mabishano ya barazani. Nilisoma na kijana mmoja ambaye usiku bwenini alitusimulia hadithi mpaka tukasahau njaa. Alizitunga mwenyewe, na alijua mahali pa kukatiza ili kesho tumwombe amalizie. Darasani tulipangwa kwa alama, na sisi wa nyuma tuliitwa mbumbumbu. Siku moja mwalimu alimwambia mbele ya wote kuwa shingoni amebeba boga. Baadaye nilimsihi aziandike zile hadithi. Alinijibu taratibu, bila hasira, "Kuandika ni kwa wenye akili, bwana." Hakuandika hata moja. Hazipo popote leo, na mimi nakumbuka vipande tu.

Shaaban Robert, ambaye sote tunaapa kwa jina lake, alikuwa karani wa forodha asiyesoma chuo kikuu. Simtaji ili nijifananishe naye, Mungu apishe mbali. Namtaja ili tujiulize: angeingia kwenye kikao chetu siku ile, angeambiwa nini?

Mswada wangu umefika sura ya kumi na moja. Kaka yangu, nitakuletea uusome. Ukiuona mbovu, sema ni mbovu, nionyeshe ukurasa na mstari, nami nitakushukuru na kuuandika upya. Ila cheti changu kiache kabatini. Hakikushiriki kuuandika.