Dereva anapovuka mpaka kabla ya kesi

Kumrejesha mtuhumiwa kutoka nchi nyingine ni ombi la serikali kwa serikali. Familia ya marehemu haina mlango wake wa kupitia: polisi hupeleleza, mwendesha mashtaka hufungua kesi, mahakama hutoa hati ya kukamata, kisha maombi hupelekwa kwenye nchi aliko mtuhumiwa. Huko huangaliwa kama kosa lenyewe linatambuliwa na sheria za pande zote mbili na kama ni zito kiasi cha kutosha, na mara nyingi neno la mwisho hubaki kwa waziri. Kifo cha barabarani hakishindwi na masharti hayo ya sheria. Kifungu cha 46 cha Sheria ya Trafiki ya Kenya kinampa dereva aliyesababisha kifo hadi miaka 10 jela. Uingereza, mwaka 2019, kilele kilikuwa miaka 14. Kinachokwama ni utashi wa serikali, na kesi ya Croughton ilidhihirisha jambo hilo mbele ya dunia nzima.

Jioni ya tarehe 27 Agosti 2019, kijana wa miaka 19 alikuwa juu ya pikipiki yake karibu na kituo cha jeshi la anga cha Croughton, Northamptonshire, kituo cha Uingereza kinachotumiwa na Wamarekani. Gari lililotoka kituoni humo lilikuwa likipita upande wa kulia, katika nchi ambayo magari hupita kushoto kama ilivyo Kenya na Tanzania. Wakagongana uso kwa uso, na kijana akafariki usiku huo. Dereva, mke wa mtumishi wa serikali ya Marekani, hakukimbia eneo la ajali na alizungumza na polisi. Marekani ilidai kwamba analindwa na kinga ya kidiplomasia, na Uingereza ilipoomba kinga hiyo iondolewe, ikakataliwa. Tarehe 15 Septemba akapanda ndege na familia yake. Wazazi wa kijana waliambiwa siku kadhaa baadaye.

Kinga hiyo inatokana na Mkataba wa Vienna wa 1961. Iliwekwa ili nchi mwenyeji isiwatishe wajumbe wa nchi nyingine kwa kesi za kubambikiwa, na kwa lengo hilo ni kitu chema. Lakini mkataba huohuo, katika kifungu cha 32, unairuhusu nchi iliyomtuma mtu kumwondolea kinga, na kifungu cha 31 kinasema wazi kwamba kinga ugenini haimwondoi mtu katika mamlaka ya mahakama za kwao. Croughton ilikuwa na tatizo lake la ziada. Makubaliano ya mwaka 1995 yaliwaondolea kinga watumishi wa kituo hicho kwa makosa ya jinai yaliyo nje ya kazi, ila hayakuwataja wake na waume zao. Kwa hiyo mume angeweza kushtakiwa na mke asishtakiwe. Novemba 2020 Mahakama Kuu jijini London ilithibitisha tafsiri hiyo, majaji wakieleza kwamba hawakufikia uamuzi huo kwa kupenda matokeo yake. Wakati huo tundu lenyewe lilikwisha kuzibwa: serikali hizo mbili zilibadilisha makubaliano Julai 2020.

Mtu aliyelindwa na kinga ya namna hiyo akisharudi kwao, kinga yake kwa mambo yasiyo ya kazi hufikia kikomo. Ndiyo maana waendesha mashtaka wa Uingereza waliweza kumfungulia dereva shtaka la kusababisha kifo kwa uendeshaji wa hatari mwezi Desemba 2019, na serikali yao ikaomba arejeshwe Januari 2020. Mwezi huohuo Mike Pompeo, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, alikataa, kwa hoja kwamba kukubali kungeifanya kinga ya kidiplomasia kuwa kitu bure. Hoja hiyo ni dhaifu. Hakuna shughuli ya kibalozi inayolindwa kwa kumkinga mtu aliyekuwa akiendesha gari lake binafsi.

Wazazi hawakuchoka. Walifika hadi Ikulu ya Marekani Oktoba 2019, wakaelezwa kwamba dereva yuko chumba cha pili, wakakataa kukutanishwa naye mbele ya kamera. Walifungua madai ya fidia Virginia, yakamalizwa kwa maelewano Septemba 2021. Oktoba 2022, kwa njia ya video, dereva alikiri mbele ya mahakama ya Old Bailey kosa dogo zaidi, la kusababisha kifo kwa uzembe. Desemba alihukumiwa kifungo cha miezi 8 kilichoahirishwa kwa miezi 12, yaani hakuingia gerezani. Hakusafiri kwenda London kusikiliza hukumu, ingawa jaji alitaka awepo. Serikali yake ilimshauri asiende.

Nchi nyingine zimewahi kutenda tofauti. Januari 1997 mwanadiplomasia wa Georgia aliyekuwa amelewa alisababisha kifo cha msichana wa miaka 16 jijini Washington. Rais Eduard Shevardnadze alimwondolea kinga, naye akafungwa Marekani. Desemba 2009 kaimu mkuu wa ubalozi wa Romania nchini Singapore aliwagonga watembea kwa miguu watatu, mmoja akafa. Alirudi Romania na hakurejeshwa, lakini mahakama za kwao zilimshtaki na kumfunga. Marekani, iliyomfunga Mgeorgia huyo, ilikuwa na mifano yote miwili mbele yake.

Nairobi nayo ina kovu lake. Julai 2013 gari la mfanyakazi wa ubalozi wa Marekani liligongana na matatu, akafa baba wa watoto watatu ambaye mkewe alikuwa mjamzito. Mfanyakazi huyo aliondoshwa nchini pamoja na familia yake siku iliyofuata.

Dereva asiye na kinga naye hapatikani kwa urahisi akishavuka mpaka. Mwanafunzi mmoja aliyeua kwa gari Melbourne mwaka 2008 alikiri kosa, akatoroka mwaka 2009 kwa pasi ya rafiki yake, na alikamatwa India mwaka 2013. Afrika Mashariki njia ni fupi zaidi: sheria ya Kenya inamruhusu hakimu kuidhinisha hati ya kukamata iliyotolewa na nchi jirani yenye makubaliano nayo, bila mlolongo mzima wa kidiplomasia. Na pale ambapo dereva wa lori hapatikani, Kadi ya Njano ya COMESA, inayotumika pia Tanzania, huiwezesha familia kudai fidia kwa bima ya gari lenyewe.

Yote hayo hutegemea saa za mwanzo, kabla dhamana haijatolewa na kabla ubalozi haujapata tiketi. Serikali iombe kuondolewa kwa kinga kwa maandishi wakati mtuhumiwa bado yupo nchini, na familia ipewe jibu siku hiyohiyo. Nayo familia iliyofiwa isisubiri arobaini ipite. Iende kituo cha polisi hata kabla ya mazishi, iulize dereva ni raia wa wapi, na pasi yake iko mikononi mwa nani.