Mutoto akisahau, musimuite muongo

Vijana wenzetu wa Bunia,

Januari 2009, kule La Haye, kesi ya Thomas Lubanga ilianza na ushuhuda wa kijana mmoja. Alisema UPC ilimubeba akitoka masomo. Siku ileile, nyuma ya mapumziko, akageuza: yote alifundishwa kusema. Wiki mbili zikapita, akarudi kutoa ushuhuda tena.

Aprili mwanasaikolojia Elisabeth Schauer akaeleza majaji namna vita inavyoumiza akili ya mutoto aliyebebeshwa silaha. Mwaka 2012 Lubanga alihukumiwa, lakini majaji hawakuegemea ushuhuda wa wale vijana waliojitaja kuwa askari watoto. Waliona kuna wapatanishi ambao pengine waliwasukuma kudanganya. Ni kweli, inawezekana. Hatusemi kila hadithi iliyokatika ni ya kweli. Tunasema kukatika peke yake si alama ya uongo.

Mutoto aliyepigwa ao kutishwa muda mrefu anaweza kushika harufu ya moshi na sauti ya buti, halafu akapoteza tarehe, jina la kijiji, nini kilitangulia. Hofu inaharibu namna akili inapanga mambo. Na tabia inafuata: mwingine anashituka mlango ukigongwa, mwingine anapigana juu ya neno dogo, mwingine ananyamaza tu. Sisi tunasema: « iko na kichwa nguvu », « ana roho mubaya », sawa vile alizaliwa hivyo. Hapana. Alijifunza kuishi.

Na haiko vita tu. Fimbo ya nyumbani nayo inafanya kazi hiyo, hata kama papa anasema ni malezi. (Wengi wetu tulipigwa na tunajivunia. Tujiulize vizuri tunakumbuka nini ya miaka ile.)

Leo batoto waliokimbia Djugu wako hapa mjini, Kigonze na kwingine. Wanaingia darasani, wanasahau somo la jana, wanachapwa, mwisho wanafukuzwa. Sheria ya ulinzi wa mutoto iko tangu 10 Januari 2009!

Tunaomba serikali ya jimbo iweke mtu aliyesomea saikolojia karibu na shule zinazopokea batoto hawa. Walimu waache fimbo. Polisi na majaji wasiwaulize mara kumi habari ileile, halafu wawakamate juu ya tarehe. Akili ya kijana wa miaka 14 ingali inakua, inaweza kupona. Lakini wale wa 2003 leo ni bapapa, na wengi wao hakuna aliyewauliza kitu.