Samoa Joe hakutengenezwa na WWE

Kwa vijana wengi wanaofuatilia catch kwenye televisheni, Samoa Joe ni yule mtu mzito mwenye taulo shingoni aliyetokea WWE na kumkaba Brock Lesnar. Lakini alipoingia katika kipindi cha Raw mnamo Januari 2017 alikuwa na miaka 37. Kazi iliyompa heshima alikuwa amekwisha kuifanya zamani, katika kumbi ndogo ambako hakukuwa na fataki wala skrini kubwa.

Jina lake halisi ni Nuufolau Joel Seanoa, mzaliwa wa California mwaka 1979, katika familia ya Wasamoa. Wengi humweka katika ukoo wa Anoa'i, ule wa Roman Reigns na Yokozuna. Si ndugu yao. Katika biashara hii jambo hilo si dogo: mtoto wa ukoo hufunguliwa mlango kabla hajabisha hodi. Joe alikuja na judo aliyojifunza utotoni, basi.

Alianza mwishoni mwa 1999, kisha akapigana katika kampuni ya UPW, huko California, ambako mmoja wa wenzake alikuwa John Cena. Mwaka 2002 Cena alikuwa tayari kwenye televisheni ya WWE. Wakubwa wa wakati ule walipenda mwili wa kupigwa picha, na Joe alikuwa na tumbo. Akaenda Japani kupigana katika Zero-One, kisha Oktoba 2002 akaingia Ring of Honor, kampuni changa ambayo haikuwa na televisheni na iliishi kwa kuuza tiketi na kanda za video.

Hapo ndipo alipojengwa. Tarehe 22 Machi 2003 alimshinda Xavier na kuchukua ukanda, akaushika miezi 21. Mwaka 2004 alipigana na CM Punk, na mapambano mawili kati yao yalikwenda dakika 60 kamili, bila mshindi. Mwandishi Dave Meltzer alilipa lile la pili nyota tano, alama ambayo hakuna pambano la Amerika ya Kaskazini lililokuwa limeipata kwake kwa miaka saba. Mwaka uliofuata Kenta Kobashi alitoka Japani hadi New York kupimana naye. Waliokuwa ukumbini walimwona Joe akipigwa makofi ya kifuani hadi ngozi ikawa nyekundu, na hakuna aliyeuliza tumbo lake lina kilo ngapi.

Ndiyo maana ni kosa kuita kumbi hizo shule ya kupitia tu. Ni kweli kwamba zina ubaya wake: mpiganaji analipwa kwa usiku mmoja, na akiumia mara nyingi hana bima, matibabu ni juu yake. Lakini zilimwacha apigane kama alivyo. Wasamoa walizoeshwa kuoneshwa ulingoni kama washenzi wasiojua kusema, miguu mitupu, wakila samaki wabichi. Katika Ring of Honor Joe alikuwa bingwa, hakuhitaji mchezo huo. Ni kampuni yenye televisheni, TNA, iliyompaka alama usoni na kumpa kisu mwaka 2009, baada ya yeye kuwa bingwa wao wa dunia mwaka 2008! Aibu hiyo ilikuwa ya waliobuni wazo, si yake.

WWE nayo ilimwachisha kazi Aprili 2021, ikamrudisha, akatwaa ukanda wa NXT kwa mara ya tatu, ikamwachisha tena Januari 2022. Tarehe 30 Desemba 2023, akiwa na miaka 44, alimkaba MJF hadi akazimia na kuwa bingwa wa dunia wa AEW. Tumbo lilikuwa bado lipo.