Jino la Mtoto na Uzembe wa Wakubwa

Iko methali moja ambayo sisi wakubwa tumeigeuza kuwa mto wa kulalia. Mtoto akianguka tunasema, "Ajali haina kinga." Mtoto akirudi kutoka shuleni huku jino lake la mbele limemeguka, tunamwamuru afungue mdomo, tunaona damu imekatika, tunarudia maneno hayo hayo, kisha tunaendelea na chai yetu. Makala haya yanakusudia kusema wazi kwamba methali hiyo ni ya kweli, lakini matumizi yetu ni ya uongo. Ajali yenyewe huenda haina kinga. Yanayofuata baada ya ajali yana kinga, na kinga hiyo imo mikononi mwetu.

Tuchukue mfano ambao mwalimu ye yote wa shule ya msingi ameuona kwa macho yake. Ni wakati wa mapumziko. Watoto wa darasa la tatu wamesongamana kwenye bomba la maji. Mmoja ameinama anakunywa. Wa nyuma anasukumwa, naye anamsukuma aliye mbele, na jino linagonga chuma. Mwalimu wa zamu anafika mbio, anamtafuta aliyesukuma ili amwadhibu, na anamwambia aliyeumia asukutue mdomo na kurudi darasani. Kipande cha jino kinabaki kwenye tope. Au, kama mtoto amekiokota, anakirusha juu ya paa la bati, kama alivyozoea kufanya jino la utoto linapong'oka. Kesi imekwisha. Mkosaji ameadhibiwa na haki imetendeka. Jino peke yake ndilo lililokosa mtetezi.

Hebu tujiulize: jino hilo ni lipi? Meno ya utoto ni 20, na yale ya mbele huanza kung'oka mtoto afikapo umri wa miaka 6 hivi. Meno mawili ya mbele ya juu ya ukubwani huota kwa kawaida kati ya miaka 7 na 8. Maana yake ni kwamba mtoto wa darasa la tatu amegonga jino lililoota juzi tu, nalo ndilo atakalokuwa nalo maisha yake yote. Nyuma yake hakuna jingine linalosubiri zamu. Mkubwa anayemfariji mtoto huyo kwa kumwambia "litaota jingine" anamdanganya, na afadhali angenyamaza.

Tabaka la nje la jino, yaani enameli, ndicho kitu kigumu kuliko vyote katika mwili wa binadamu. Lakini enameli ikivunjika haiungi tena, kama mfupa uungavyo. Chini yake iko dentini, yenye vitundu vidogo mno vinavyoelekea kwenye kiini, na katika kiini ndimo ilimo mishipa ya damu na ya fahamu. Dentini ikiachwa wazi, vijidudu hupata njia. Leo mtoto analalamika kwamba maji ya baridi yanamchoma. Baada ya majuma au miezi jino linageuka kuwa la kijivu, ufizi unavimba na kutunga usaha. Hapo ndipo mzazi anaposhtuka, na hapo mara nyingi dawa inayobaki ni koleo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa jino la mbele ni ghali, kwa yule anayeweza kuujenga.

Liko jambo jingine zito zaidi. Jino likishachomoza, mzizi wake huchukua kiasi cha miaka mitatu kukamilika, na kinachoujenga mzizi huo ni kile kiini. Kiini kikifa mtoto akiwa na miaka 8 au 9, mzizi hubaki mfupi na dhaifu. Kwa hiyo jino la mtoto linahitaji kuhudumiwa kwa haraka kuliko la mtu mzima, wala si polepole kama tunavyofanya.

Mwandishi wa makala haya hajitoi katika lawama. Binti yangu alipoanguka sebuleni na kumegua jino, mimi niliyesoma hadi Chuo Kikuu nilimpangusa damu, nikafagia sakafu, na kile kipande nikakitupa pamoja na vumbi. Swali la kwanza la daktari lilikuwa: "Kipande kiko wapi?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimesoma mengi, lakini hilo sikulijua, na sikuwahi kujiona mjinga kwa kutolijua.

Kipande hicho kina thamani. Tangu mwaka 1955, Mmarekani Michael Buonocore alipoonyesha kwamba enameli ikipakwa asidi huweza kushikamana na dawa ya kuzibia, ufundi wa kugandisha vitu kwenye jino umeendelea mno. Kipande kilichohifadhiwa kwenye maji au maziwa, kisikauke, kinaweza kurudishwa mahali pake na kugandishwa. Kama kimepotea, daktari hujenga sehemu iliyomeguka kwa dawa yenye rangi ya jino. Kwa vyo vyote, jino lililomeguka halistahili kung'olewa kwa sababu tu ya kumeguka.

Katika miaka ya 1980 ulienea nchini uvumi wa "meno ya nailoni". Watoto wachanga waliokuwa wakiharisha na kushikwa na homa walichokolewa fizi na kung'olewa vijimeno ambavyo havijaota, kwa imani kwamba ndivyo vilivyoleta maradhi. Sisi wasomi tuliwalaumu waganga hao, na tulikuwa na haki. Lakini msomi anayeliacha jino zima la mtoto lioze kwa sababu limemeguka ncha tu, kisha akalipeleka kwenye koleo, amemzidi mganga yule kwa kitu gani? Mganga alitenda kwa kutojua. Sisi tunatenda kwa kutojali.

Wapo watakaosema kwamba nchi ina matatizo makubwa kuliko jino, na kwamba madaktari wa meno ni wachache. Uchache huo haukatazi kuokota kipande. Mwalimu hahitaji shahada ya udaktari ili kutimiza wajibu wake. Kwanza aangalie kichwa kabla ya jino: mtoto aliyezimia au anayetapika apelekwe hospitali mara moja. Pili atafute kipande na kukitia katika maziwa au maji safi. Kisipoonekana, mdomo uliochanika uchunguzwe, maana kipande huweza kujificha ndani ya nyama. Tatu mzazi aitwe siku hiyo hiyo, na kama katikati ya jino linaonekana doa jekundu, kiini kiko wazi na haifai kungoja kesho.

Na kama jino zima la ukubwani limechomoka, lishikwe upande unaoonekana mdomoni wala si mzizi, lisuuzwe kidogo bila kusuguliwa, na lirudishwe papo hapo katika tundu lake. Isipowezekana, litiwe katika maziwa na mtoto akimbizwe kwa daktari kabla ya saa nzima kupita. Jino la utoto halirudishwi, lakini nalo lisidharauliwe, kwa kuwa juu au chini yake ndipo linapojengwa la ukubwani. Maagizo haya yanaenea katika karatasi moja, na karatasi hiyo ingefaa kubandikwa katika kila ofisi ya walimu.

Kwa watumishi wa serikali wanaopanga mahitaji ya vituo vya afya, neno ni moja. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza katika orodha yake ya dawa muhimu simenti ya glasi ayonoma, ambayo huweza kufunika dentini iliyo wazi hadi mtoto apate matibabu kamili. Ofisa anayeagiza ganzi na koleo, akaacha vifaa vya kuzibia, amekwisha toa hukumu dhidi ya meno ya watoto kabla hawajaanguka. Tusifichane: mtoto wa ofisa huyo akimeguka jino atapelekwa kuzibiwa hospitali ya kulipia, na mtoto wa mkulima atang'olewa. Jino la mtoto wa mkulima halikuumbwa kwa chokaa.

Wazazi nao wasidhani kazi imekwisha siku jino lilipozibwa. Kiini huweza kufa kimya kimya. Mtoto arudishwe kwa daktari baada ya majuma 6 hadi 8, na tena baada ya mwaka mmoja.

Wahenga walisema kinywa ni jumba la maneno. Mtoto mwenye pengo au jino jeusi mbele hujifunza kuziba jumba hilo kwa kiganja. Hacheki na wenzake. Akiulizwa swali darasani huinamisha kichwa, na mwalimu huandika kwamba hajui, kumbe anajua. Mwalimu huyo huyo, pengine, ndiye aliyekuwa zamu siku ile kwenye bomba. Basi kesho kengele ya mapumziko itakapolia, na mtoto akaja analia huku ameshika mdomo, aliyesukuma angoje. Kitafutwe kwanza kipande cha jino.