Goti la dereva na fangasi tusiowatazamia

Mwaka jana nilikwenda Malaba kumjulia hali binamu yangu, dereva wa lori anayesafirisha mizigo kutoka bandari yetu ya Mombasa hadi Uganda. Alianguka na bodaboda, goti likapasuliwa na kuwekewa chuma. Hospitali siitaji. Miezi minne baadaye goti lilikuwa lingali limevimba. Homa hana, maumivu hayaishi. Akapewa antibayotiki, zikaisha, akapewa nyingine. Maji ya goti yalipotolewa na kupimwa sawasawa ndipo tukaambiwa: ni fangasi.

Jambo hili ni nadra. Katika maambukizi yanayofuata kuwekewa goti bandia, ya fangasi ni kama asilimia 1, na mengi huletwa na jamii ya Candida. Lakini unadra huo ndio mtego. Antibayotiki huua bakteria, fangasi haziwagusi. Nao hujijengea utando juu ya chuma, dawa zikashindwa kupenya. Mara nyingi chuma hutolewa na mgonjwa akameza dawa za fangasi kwa wiki nyingi, pengine miezi. Kila mwezi wa kubahatisha unakula mfupa, na dereva asiyeweza kukanyaga klachi hana kazi.

Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha yake ya kwanza ya fangasi hatari. Candida auris na Candida albicans wamo katika kundi la juu kabisa. Kwa hiyo hili si suala la goti moja.

Shida yetu iko maabara. Fangasi huota polepole, na sampuli ikitupwa mapema majibu huja "hakuna kitu". Mradi wa maabara za Afrika Mashariki uliofadhiliwa na Benki ya Dunia kuanzia 2010 uliifikia Busia, na Malindi pia. Tangu 2013 hospitali nyingi za umma zimo mikononi mwa kaunti. Basi tuwaulize magavana wetu, wa huku pwani na wa kule mpakani: wataalamu na vifaa vya kuotesha fangasi vipo?

Nawe msomaji, ikiwa goti lililopasuliwa halitulii, usikimbilie duka la dawa. Mwambie daktari: "Maji ya goti yapimwe, na fangasi watafutwe." Binamu yangu alichelewa kusema hivyo. Leo anatembea kwa mkongojo, na lori lake linaendeshwa na mwingine.