Haraka ya Mji na Ulimi wa Mtoto



Mzazi aishiye ughaibuni katika mji mkubwa kama London ana mambo mengi ya kulalamikia: kodi ya nyumba, baridi, gharama ya kumlipa mlezi wa mtoto, na safari ndefu ya kwenda kazini. Ni malalamiko ya haki. Lakini lipo jambo moja ambalo hatulilalamikii, kwa sababu hutoweka kimyakimya, nalo ni lugha ya nyumbani. Maoni yangu ni haya: kwa wengi wetu tuliotoka Afrika Mashariki, Kiswahili hakifi katika nyumba zetu kwa sababu tunakidharau. Kinakufa kwa sababu ya haraka.

Tuangalie asubuhi moja ya kawaida. Baba amerudi alfajiri kutoka zamu ya usiku. Mama anajiandaa kwa zamu ya mchana. Mtoto wa miaka mitano anatafuta kiatu, na lango la shule halimsubiri mtu. Mama anajua kwamba akisema, “Mwanangu, tazama chini ya kiti,” mtoto atasimama na kuuliza maana yake. Akisema kwa Kiingereza, mtoto atainama mara moja. Basi anasema kwa Kiingereza, na nusu dakika imeokolewa. Jioni hali ni ileile wakati wa kuoga, wa kula na wa kulala. Hakuna mzazi aliyeketi siku moja akaamua kwamba mwanawe asijue Kiswahili. Uamuzi huo ulifanyika vipande vipande, nusu dakika baada ya nusu dakika, hata mtoto akafika miaka kumi bila kuwa nacho. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka.

Tena muda wenyewe ni mfupi. Huko Uingereza watoto wengi huanza shule mwezi Septemba baada ya kutimiza miaka 4. Kuanzia hapo, sehemu kubwa ya siku yao ni ya Kiingereza: mwalimu, marafiki, michezo, vitabu na televisheni. Lugha ambayo haikutia mizizi kabla ya siku hiyo itapata shida kubwa kuitia baadaye.

Wapo watakaouliza: kuna hasara gani? Je, Kiingereza si ndicho kitakachompa mtoto kazi? Ni kweli, lakini Kiingereza hakihitaji msaada wetu. Katika sensa ya mwaka 2021, asilimia 91.1 ya wakazi wa England na Wales wenye umri wa miaka 3 na zaidi walitaja Kiingereza (au Kiwelisi, kwa walioko Wales) kuwa lugha yao kuu. Mtoto anayekulia katika bahari hiyo atajua kuogelea, mama apende asipende. Wengine huogopa kwamba lugha mbili zitamchanganya mtoto na kumchelewesha kusema. Hofu hiyo imechunguzwa kwa miongo mingi na wataalamu wa lugha za watoto, nao hawakuona kwamba lugha mbili humdhuru mtoto. Kuchanganya maneno ya lugha hizi katika sentensi moja ni hatua ya kawaida ya kujifunza, wala si ugonjwa.

Basi hasara iko wapi? Naiona katika mambo matatu.

Kwanza, mtoto hupoteza bibi yake. Majira ya baridi, saa moja jioni ya London ni saa nne usiku Tanga au Mombasa. Mzee amekwisha kulala. Yabaki mazungumzo ya Jumamosi. Simu inapigwa, uso wa bibi unaonekana kwenye kioo, mjukuu anasema “Shikamoo” aliyoikariri, bibi anajibu “Marahaba, mwanangu, hujambo?” na baada ya hapo wote wawili wanatazamana na kutabasamu hadi mama aichukue simu. Wanapendana, lakini hawana la kuambiana. Bibi ana habari za ukoo wote moyoni mwake, na mlango wa kuzitolea umefungwa.

Pili, mtoto hupoteza adabu iliyomo ndani ya maneno. Tafsiri gani itaubeba uzito wa “shikamoo”, au wa “pole” tunayomwambia aliyejikwaa hata kama si sisi tuliomkwaza?

Tatu, na hili ndilo linalonitisha zaidi, mtoto humpoteza mzazi wake mwenyewe. Wengi wetu tulikipata Kiingereza shuleni na kukinoa kazini. Kinatutosha kupokea amri, kujaza fomu na kununua mkate. Tukikileta nyumbani, tunakuwa wazazi wa maneno machache: vaa, kula, lala, acha, harakisha. Kwa mtoto mdogo huenda yakatosha. Lakini atakapofika miaka kumi na minne, aje na huzuni yake kubwa ya kwanza, tutamfariji kwa lugha gani? Mama ambaye kwa Kiswahili ni mwenye hekima, mcheshi na mwepesi wa methali, kwa Kiingereza anaweza kuonekana mbele ya mwanawe kama mtu mwenye mawazo mafupi. Mtoto atakwenda kwa wengine kutafuta ushauri, si kwa utovu wa nidhamu, bali kwa kukosa lugha ya kuuombea.

Tufanye nini, basi, sisi ambao saa zetu zimehesabiwa? Sisemi tuanzishe masomo ya jioni; mzazi aliyechoka na mtoto aliyechoka hawatafika mbali. Nasema tuutumie muda ambao mji umekwisha kutuchukulia. Mtoto aliye chini ya miaka 11 husafiri bure katika mabasi ya London. Safari hiyo ya kila siku, ghorofa ya juu ya basi, ni darasa tosha: mvua, mti, mzee mwenye fimbo, duka la mkate. Siku moja mwulize saa, mweleze kwamba Kiswahili huanza kuihesabu siku pale jua linapochomoza. Atashangaa, maana London mwezi Desemba jua huchomoza karibu saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi, na mwezi Juni lingali angani saa tatu usiku. Hapo utamweleza juu ya nchi iliyo karibu na Ikweta, ambako mchana na usiku hukaribiana kwa urefu mwaka mzima, ndiyo maana saa ya namna hiyo inafaa huko. Katika safari ya dakika kumi amejifunza lugha, jiografia na asili yake.

Jikoni pia. Kukanda unga wa chapati, kusukuma, kugeuza: vitendo hivi hujifunzwa kwa mikono, na neno hufuata mkono.

Na tafadhali, tusiwacheke. Mtoto akisema “kitabu yangu,” tumjibu kwa upole, “Kitabu chako kiko wapi?” na kosa litajirekebisha lenyewe siku zijazo. Ombi hili nalielekeza pia kwa shangazi na wajomba walioko nyumbani, ambao hucheka kwenye simu bila ubaya wowote. Kicheko kimoja humfanya mtoto anyamaze mwaka mzima. Vilevile Kiswahili kisiwe lugha ya kugombezea tu. Mtoto asiyekisikia ila anapokaripiwa atakikimbia, naye atakuwa na sababu.

Mnamo Novemba 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Tulifurahi, na ilistahili. Lakini sherehe ya siku moja haiwezi kuilea lugha ambayo siku nyingine zote haisemwi mezani.

Juma hili, kila mzazi achague kipindi kimoja cha siku, kiwe cha basi, cha chakula au cha kulala, akitenge kwa Kiswahili peke yake, na akubali kuchelewa kidogo. Mtoto akiuliza maana, ajibiwe. Akisahau, arudiwe. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na hakuna atakayemfundisha sauti ya kwao isipokuwa sisi.