Gari la Shamba Lipambwe kwa Ajili ya Nani?

Siku hizi katika skimu nyingi za makazi hapa Pwani, tangu Shimba Hills mpaka Magarini na Mpeketoni, wako wakulima ambao peke yao au kwa kikundi wamenunua gari linalovuta kwa magurudumu yote manne. Mara nyingi ni Land Rover kuukuu, au Land Cruiser ya pikapu iliyokwisha kufanya kazi kwingine. Jambo hili ni jema, kwa maana wakati wa masika njia zetu za udongo hazipitiki kwa gari dogo, na embe halingoji barabara ikauke. Lakini gari likishanunuliwa, neno la pili ni kulipeleka kwa mafundi wa Changamwe, Likoni au Kisauni likatengenezwe ndani. Hapo ndipo fedha nyingi hupotea.

Kwanza tufikiri gari hili lina kazi gani. Alfajiri hupeleka nazi, maembe, mihogo na mboga katika soko la Kongowea. Jioni hurudi na mbolea, mbegu, sukari, mafuta ya taa, na watu. Basi mzigo huenda, na watu hurudi. Mwenye gari asipoliweka jambo hili moyoni, fundi atamwuliza, "Mzee, nikuwekee viti vya ngozi nyekundu na spika nne?" naye mzee atakubali. Mbele kutapendeza sana. Nyuma kutabaki bati tupu, na akina mama, ambao ndio wauzaji wenyewe pale sokoni, watakaa juu ya magunia wakishika kamba.

Ikiwa gari ni la mtu mmoja, na fedha ni zake, labda tutanyamaza. Lakini ikiwa ni la kikundi, na mama hao wametoa hisa zao sawa na wanaume, basi ngozi nyekundu imenunuliwa kwa fedha yao nao hawaikalii. Mimi naona jambo hili lizungumzwe waziwazi katika mkutano kabla gari halijapelekwa kwa fundi.

Wako wanaosema kwamba starehe ni mambo ya watalii wanaokwenda Tsavo, na mkulima hana haja nayo. Sikubaliani nao. Dereva aliyechomwa na joto na kutikiswa tangu saa kumi ya alfajiri huchoka, na dereva aliyechoka ni hatari. Starehe inayofaa ni ile inayomfikisha kila mtu salama na mzigo ukiwa mzima.

Tena kuna jambo la uzito, nalo husahauliwa na wengi. Ubao wa plaiwudi wa futi 8 kwa 4, wenye unene wa milimita 18, huwa na uzito wa kilo 30 na zaidi. Bati la chuma la ukubwa huo huo, lenye unene wa milimita 2 tu, ni kilo 46 hivi. Makabati, masanduku na viti vipya vikifika kilo 90, umepakia gunia zima la mahindi ambalo hutaliuza kamwe, nawe utalibeba kila safari na kulilipia petroli. Kwa hiyo plaiwudi ya milimita 12 iliyopakwa rangi vizuri yatosha kwa masanduku mengi. Chuma kitumike pale penye kubeba watu au kufungia mzigo.

Mimi ningeanza na sanduku moja refu, la chini, lililowekwa nyuma ya kiti cha mbele na kufungwa kwa bolti. Humo ziwe jeki, spana, kamba, pampu na kipande cha ubao mnene cha kuweka chini ya jeki mahali pa tope. Vitu vizito vikae chini, tena mbele ya ekseli ya nyuma. Watu wengi hupenda kichanja cha juu ya paa kwa sababu chaonekana kama gari la safari, lakini kila kilo unayoiweka juu hulifanya gari lipende kulala ubavu. Anayejua miteremko ya Shimba Hills hahitaji kuelezwa zaidi. Mapakacha matupu na matenga ya kuku yaweza kukaa juu. Nazi zikae chini.

Kisha pete za kufungia mzigo, nne au sita, zishikwe na fremu yenyewe, si bati. Gari likiteremka kuingia kivuko cha Likoni na kupanda kutoka, mzigo usiofungwa husogea wenyewe. Sasa iko na njia ya Dongo Kundu, iliyofunguliwa mwaka 2024, nasi wa kusini twaweza kufika Miritini na Changamwe bila ya kuvuka kwa feri. Lakini katika mwendo wa kasi, breki moja ya ghafla hufanya kazi ile ile, tena vibaya zaidi.

Dawa za kunyunyizia mikorosho na miembe zisipandishwe pamoja na watu wala chakula. Ziwekewe sanduku lake dogo la bati, nje, upande wa nyuma, lenye kufuli, na tundu chini ili zikimwagika zitoke nje. Dumu la petroli nalo lisikae ndani hata kidogo. Nimesikia watu wakijibu kwamba wamefanya hivyo miaka mingi na hawakupata madhara. Hayo si majibu.

Sasa viti vya nyuma. Lililo bora, kwa maoni yangu, ni mabenchi mawili ya kukunja, moja kila ubavu, yenye bawaba. Asubuhi yainuliwe na kufungwa kwa kipete, nafasi yote iwe ya mzigo. Jioni yashushwe, watu wakae. Juu yake pawe na bomba la kushikia, na kila mahali pa kukaa pawe na mkanda ulioshikizwa kwenye chuma kinene cha bodi au fremu. Mkanda ulioshikwa na skrubu kwenye bati jembamba utang'oka siku ile ile utakapohitajiwa.

Kujaza mito ya mabenchi hayo, hatuna haja ya kununua sponji ya bei kubwa. Usumba wa nazi tunao wenyewe. Hata viwanda vya motokaa vya Ulaya vilijaza viti kwa nyuzi za nazi zilizochanganywa na mpira, kwa sababu nyuzi hizo hurudi juu baada ya kukaliwa, na hewa hupita ndani yake. Sufi ni laini zaidi, lakini hulala haraka. Usumba uoshwe, ukauke kabisa juani, ushonewe katika turubali. Usiponyauka vizuri utaota ukungu.

Joto nalo lina dawa yake. Waliotengeneza Land Rover za nchi za joto waliweka paa la pili juu ya lile la kwanza, na hewa ikapita katikati. Fundi wa kawaida aweza kufanya hivyo kwa bati jepesi la alumini lililoinuliwa kiasi cha inchi moja, kisha likapakwa rangi nyeupe. Jambo hili ni rahisi kuliko mashine ya baridi, wala halili petroli.

Yako mambo mawili ambayo fundi aambiwe kabla hajashika keekee. La kwanza, katika Land Rover nyingi za zamani tangi la petroli liko chini ya kiti cha dereva. Asitoboe wala kuchomelea hapo mpaka tangi limetolewa. La pili ni kutu. Land Rover ilipoonyeshwa mara ya kwanza huko Amsterdam mwaka 1948, bodi yake ilikuwa ya alumini kwa kuwa chuma kilikuwa haba Uingereza baada ya vita. Lakini fremu yake ni ya chuma. Alumini ikigusana na chuma katika hewa yetu ya chumvi, alumini huliwa ikawa unga mweupe. Basi kila bolti iwekewe kipande cha mpira, na kila tundu lipakwe rangi kabla ya kufungwa. Zulia lisigundishwe sakafuni, maana maji ya chumvi na ya maembe yakiingia chini hayatoki. Mkeka wa mpira unaoinuliwa na kuoshwa wafaa zaidi.

Mafundi wa Changamwe hawakosi ujuzi. Kiwanda cha AVA pale Miritini kimeunganisha magari tangu miaka ya 1970. Kinachokosekana mara nyingi ni maagizo ya mwenye gari. Andika kila kitu unachotaka, na vipimo vyake, na bei ya kila kimoja. Lipa kwa sehemu. Ikiwa umbo la bodi au rangi vitabadilika, pelekeni habari kwa NTSA, kwa kuwa hayo yameandikwa katika daftari la gari, na polisi wa barabarani huyasoma.

Na katika wale watu wawili au watatu mtakaowatuma kwa fundi kulipokea gari, mmoja awe mama anayeuza Kongowea. Akae nyuma tangu karakana mpaka nyumbani, kisha ndipo malipo ya mwisho yatolewe.